Pima Tatu na Ngumi Mbili

Mwinuiti wa zamani aliyeunda kayaki yake hakuhitaji futi wala mita. Alinyoosha mikono miwili akapata pima moja, akaihesabu mara tatu, na huo ndio uliokuwa urefu wa chombo. Upana wa mahali pa kukaa ulikuwa nyonga zake kuongeza ngumi mbili. Kina kilikuwa ngumi moja na kidole gumba kilichonyooshwa. Kisha chombo kilivikwa ngozi ya sili iliyoshonwa kwa uzi, kikamkaa mwenyewe kama kanzu iliyokatwa na fundi anayemjua. Pima ile ndiyo hii hii ambayo wavuvi wetu hupimia kamba na kina cha bahari, na kwa mtu wa kimo cha kawaida, pima tatu hufika kama mita 5.

Siku hizi hatuundiwi chombo. Tunakikuta dukani kimeshapangwa kwa rangi na bei, na muuzaji akiwa mwema atakuuliza uzito wako. Ni wachache sana wanaouliza utabeba nini. Kwa mtu anayetaka kuzunguka ziwani saa mbili halafu arudi nyumbani, kutoulizwa huko hakuna madhara. Kwa mtu anayetaka kushuka mto siku nne au tano, akilala kwenye hema ukingoni, mzigo ndio unaoamua karibu kila kitu, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Nitatumia mto mmoja kama mfano, kwa sababu ndio ulionifundisha. Green River huanzia milima ya Wind River katika jimbo la Wyoming, Marekani, na husafiri kilomita zipatazo 1,170 kabla ya kumwaga maji yake katika mto Colorado. Kipande ambacho wapiga kafi hukipenda kiko Utah. Huanzia mji mdogo wenye jina lile lile la mto, hupita korongo la Labyrinth kwa kilomita kama 110 hadi Mineral Bottom, kisha korongo la Stillwater kwa kilomita nyingine 84 hivi hadi kwenye makutano. Majina ya makorongo hayo yalitolewa na John Wesley Powell, mwanajiolojia mwenye mkono mmoja aliyepita hapo mwaka 1869. Katika safari yote hiyo hakuna poromoko. Mto unakwenda taratibu baina ya kuta nyekundu za mawe. Hauna kiboko wala mamba. Anayefikiria Rufiji au Zambezi ana hesabu nyingine kabisa za kufanya, na asichague chombo kwa maneno yangu haya.

Taabu ya Green River ni maji ya kunywa. Mto umejaa tope laini linaloziba kichujio kwa muda mfupi. Watu huteka maji kwa ndoo wakayaacha yatulie usiku kucha, na wengine hutia shabu, ile ile inayotumika kwetu kutuliza maji ya tope. Ila hakuna anayefaa kuitegemea njia hiyo peke yake, na ushauri wa kawaida wa wasimamizi wa hifadhi ni kubeba angalau galoni moja, karibu lita 4, kwa kila mtu kwa siku. Kiangazi joto huzidi nyuzi 38, na hapo hata lita 4 ni chache. Siku 5 ni lita 20, na kila lita ni kilo.

Hebu tupige hesabu. Mtu mwenyewe ana kilo 75. Maji kilo 20. Chakula kilo 5. Hema, mfuko wa kulalia, jiko na gesi yake kilo 10. Nguo, sufuria, dawa, kamba na jaketi la kuokolea maisha kilo 6. Kuna pia vitu viwili ambavyo kanuni za makorongo haya zinavidai: chombo cha kubebea kinyesi, kwa sababu hakuna ruhusa ya kukiacha huko, na sinia la chuma la kuwashia moto ili majivu yasibaki mchangani. Hivyo ni kilo 4 nyingine. Jumla ni kilo 120.

Sasa soma maandishi ya mtengenezaji. Kayaki nyingi za safari zenye urefu wa mita 4 na nusu hivi huandikiwa kwamba zinabeba kilo 135 hadi 160. Namba hiyo hueleza kinachoweza kubebwa bila chombo kuzama, lakini haikuambii kitakavyotembea. Kikijazwa hadi hapo, maji hufika karibu na ukingo wa sitaha, kila wimbi dogo hupanda mapajani, na kugeuza omo huwa kazi ya mabega yote mawili. Mimi hutumia robo tatu ya namba iliyoandikwa. Kilo 120 ni robo tatu ya 160, kwa hiyo mtu wetu anahitaji chombo cha kilo 160, na cha kilo 135 akiache hapo hapo dukani hata kama kimepunguzwa bei. Akiwa na kilo 95 badala ya 75, mimi humshauri bila kusita akodi mtumbwi wa wazi. Mitumbwi hiyo ni mingi sana katika Labyrinth, hubeba mizigo mikubwa, na si aibu kuitumia.

Kosa la upande wa pili nalo lipo, na huwapata zaidi wanawake na vijana wembamba. Mtu wa kilo 55 akipewa chombo kikubwa kwa kuambiwa kwamba kikubwa ndicho salama, ataelea juu juu kama kopo tupu. Sehemu kubwa ya ubavu hubaki nje ya maji, upepo unaishika, na atashinda mchana kutwa akikirudisha chombo kwenye njia. Huyu kilo 135 zinamtosha.

Nilipofanya safari yangu ya kwanza nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kilo, ila sikupima milango. Kayaki ya safari ina vyumba viwili vya mizigo, kimoja upande wa omo na kingine upande wa tezi, na kila kimoja kina tundu juu ya sitaha lenye kifuniko cha mpira. Nilikuja na dumu moja la lita 20, jipya, limejaa. Nililiinamisha, nikaligeuza ubavu, nikajaribu kuingiza shingo kwanza. Lilizidi tundu kwa vidole viwili. Wenzangu walikuwa tayari majini wakinisubiri, basi nikalifunga kwa kamba juu ya sitaha, nyuma ya mgongo wangu. Asubuhi mambo yalikuwa mazuri. Mchana, upepo ulipoanza kupanda mto, nilijipinda kidogo kumtazama mwenzangu na chombo kikapinduka kama mlango unavyojifunga. Maji yalikuwa ya kifuani na mchanga ulikuwa karibu, kwa hiyo nilipoteza jiko na mkate tu. Kilo 20 zilizo chini, karibu na mkuku, hukituliza chombo. Kilo zile zile zikiwa juu ya sitaha hukiangusha.

Tangu siku hiyo siingii duka la kayaki mikono mitupu. Hubeba mfuko wangu wa kulalia ukiwa ndani ya mfuko wake usiopitisha maji, hema, chombo cha kinyesi, na vyombo vya maji vya lita 4 badala ya dumu moja. Humwomba muuzaji ruhusa, nikapiga magoti na kuingiza kila kitu pale pale sakafuni. Tundu la mviringo la upana wa sentimita 20 hivi linafaa mifuko membamba na hasira nyingi. Tundu refu lenye umbo la yai ndilo la safari za kulala njiani. Muuzaji anayekukataza kufanya jaribio hilo, mwage kwa heshima uende zako.

Kupanga mzigo ni nusu ya kazi ya chombo. Mabaharia wetu husema enda tezi na omo, marejeo ni ngamani, na katika kayaki ngama ndipo mahali pa kitu kizito hasa, si mahali pa marejeo tu. Maji hukaa chini kabisa, yakigusa kiambaza kilicho karibu na kiti, mbele na nyuma. Mfuko wa kulalia na nguo huenda kwenye ncha. Omo kukiwa kuzito, tezi huteleza na chombo hugeuka kuukabili upepo, hata kama wewe unataka kwenda kwingine. Tezi kukiwa kuzito mno, omo hunyanyuka na upepo huisukuma pembeni. Hili utalielewa kwa mwili wako ukifika Bowknot Bend, mahali ambapo mto unazunguka karibu kilomita 12 kisha unarudi mita mia chache tu kutoka pale ulipoanzia. Upepo uliokuwa usoni unakujia ubavuni, kisha mgongoni, kisha ubavu wa pili, yote katika mchana mmoja. Huko ndiko chombo kilichopakiwa ovyo kinapomchosha mtu hadi machozi.

Tena usiweke vitu vya aina moja mahali pamoja. Powell aligawanya chakula cha watu wake katika mashua mbalimbali, akidhani ameshajikinga. Juni 1869, juu zaidi katika mto huu huu, kwenye korongo la Lodore, mashua yake moja iitwayo No Name ilivunjika mwambani, na ndipo akakumbuka kwamba baromita zote zilikuwa ndani yake. Bila baromita asingeweza kupima mwinuko wa nchi aliyokuja kuichunguza. Walizipata katika mabaki ya mashua, lakini wewe usingoje bahati kama hiyo. Gawa maji yako mbele na nyuma, na kama mko wengi, kila mmoja abebe lita chache za mwenzake.

Kuhusu urefu, watu hubishana kupita kiasi. Kasi ya juu ya chombo cha aina hii hufuata kipeuo cha pili cha urefu ulio majini, kwa hiyo cha mita 4.3 hukomea karibu kilomita 9.3 kwa saa na cha mita 5.2 karibu 10.2. Mpiga kafi wa kawaida mwenye shehena huenda kilomita 5 au 6. Hafiki huko kwa vyombo vyote viwili. Mita 5 zile za Mwinuiti zilikuwa za bahari na za kumkimbilia mnyama. Mtoni, mita 4.2 hadi 4.9 na upana wa sentimita 58 hadi 64 zinatosha, na utashukuru jioni unapokipandisha chombo kwenye ukingo wa tope unaomeza miguu hadi magotini. Usikiburute kikiwa na mzigo. Toa vitu kwanza, uvitie katika kiroba kikubwa, kisha mrudi wawili kukibeba.

Viambaza viwili ni lazima. Vyombo vya bei nafuu vina kimoja tu, nyuma, na vikipinduka sehemu yote ya mbele hujaa maji, omo huzama, na hakuna mtu wa kuvimwaga peke yake. Kabla ya kulipa, mimina maji kidogo ndani ya chumba cha mizigo, kiinamishe chombo, na utazame kama yanapenya kwenda kwenye kiti. Jangwani kuna jambo la ziada: hewa iliyofungiwa ndani hupanuka kwa jua na inaweza kurusha vifuniko, basi ukifika kambini legeza kimoja.

Plastiki au faiba? Kwa mto, plastiki. Ni nzito kidogo, nyingi hufika kilo 25, lakini huvumilia kokoto na mikono ya watu waliochoka. Usukani uwe wa kunyanyuka, kwa kuwa fungu la mchanga hutokea bila taarifa. Ukipendelea pezi linaloshuka chini ya tezi, toboa tundu dogo kwenye ncha yake na upitishe uzi mfupi. Kokoto zikilibana, mwenzako atalivuta. Kiti ukikalie dukani nusu saa nzima, ukiwa umevaa viatu utakavyosafiria, miguu ikisukuma mahali pa kukanyagia. Ganzi inayoanza dakika ya 20 haitaondoka mtoni.

Jaribio la mwisho hufanyika karibu na nyumbani, kwenye maji yaliyotulia na ukiwa na mtu wa kukuangalia. Bandika utepe wa rangi ubavuni, mahali maji yanapofika ukiwa umekaa bila mzigo. Rudi nchi kavu, pakia kila kitu cha siku ya kwanza, maji yote lita 20 yakiwemo, uingie tena. Mwenzako abandike utepe wa pili, kisha akuambie utepe huo uko vidole vingapi chini ya sitaha, na kama uko sawa mbele na nyuma. Pinduka makusudi mara moja, utoke, umwage maji, upande tena na mzigo wako wote ukiwa ndani. Kisha fungua vyumba vyote viwili na upapase mfuko wa kulalia kwa kiganja, kona hadi kona, kama umebaki mkavu.