Kioo Kinachochelewesha Rangi

Televisheni ya chogo ya zamani ikiletwa kibandani kwangu hapa Unguja, siitupi kabla sijang'oa kitu kimoja: kiboksi bapa cha plastiki chenye miguu ya waya. Ukikipasua hukuti saketi wala koili. Unakuta kipande cha kioo, kingo zimekatwa mshazari, na vigae viwili vidogo vya seramiki vimegandishwa pembeni. Seti hizi huku zimejaa, maana Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, wakati Tanzania Bara hawajapata hata ya rangi moja.

Kazi ya kioo hicho ni kuchelewesha. Katika mfumo wa televisheni ya rangi uitwao PAL, alioubuni Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, sehemu ya ishara ya rangi hugeuzwa kinyume kila mstari wa picha ukibadilika. Ishara ikipotoka njiani, uso wa mtu ukaanza kuwa wa kijani, mstari unaofuata hupotoka upande wa pili. Changanya miwili hiyo, kosa linajifuta. Lakini mstari wa kwanza umeshapita! Lazima usubirishwe maikrosekunde 64, yaani sehemu 64 za sekunde iliyogawanywa mara milioni.

Umeme kwenye kebo hukimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Kuuchelewesha hivyo kungetaka kebo ya kilomita 12 na ushei, kutoka Forodhani hadi kuipita Bububu. Nani ataiweka sebuleni?

Sauti ni ya polepole. Kigae cha kwanza kikipata umeme hutikisika, na mtikisiko huingia kwenye kioo ukiwa wimbi la sauti, jembamba mno kwa sikio la mtu. Humo husafiri takriban kilomita mbili na nusu tu kwa sekunde, hivyo sentimita 16 zinatosha. Hata hizo zimekunjwa: wimbi hudunda ukingo hadi ukingo, kisha kigae cha pili huligeuza umeme tena.

Ujanja wenyewe ni mkongwe. EDSAC, kompyuta ya Cambridge ya mwaka 1949, ilitunza namba zake kwa mawimbi ya sauti yaliyozungushwa ndani ya mirija ya zebaki. Mimi zebaki yote ile ningeikimbia.

Seti ikianguka kioo kikapata ufa, rangi hukatika michirizi kama jamvi. Hapo natia kioo cha seti mbovu, kisha nazungusha koili iliyo nje ya kiboksi taratibu mpaka michirizi ipotee.