Mwongo Huanza Mwaka Gani?

Mnamo Mei 2020 maji ya Ziwa Victoria yalipanda hata yakapita kimo cha mwaka 1964, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa kikubwa kuliko vyote katika kumbukumbu za vipimo. Nyumba na mashamba yalifunikwa katika sehemu nyingi za ufuko. Je, gharika hiyo ni ya mwongo upi? Mtafiti mmoja atasema ni ya mwongo wa 2011 hadi 2020. Mwingine ataihesabu katika miaka ya ishirini, iliyoanza Januari ya mwaka ule ule. Wakikokotoa wastani wa kimo cha maji, kila mmoja atapata tarakimu yake, ilhali wote wawili wametumia neno moja.

Wa kwanza anayo hoja ya hesabu. Dionysius Exiguus, mtawa wa Roma aliyebuni mwaka 525 hesabu ya miaka tangu kuzaliwa kwa Kristo, hakuanza na sifuri. Ndiyo maana mwaka 1 K.K. wafuatwa papo hapo na mwaka 1 B.K. Hivyo kumi la kwanza lilitimia mwishoni mwa mwaka wa 10, na karne ya 20 iliisha tarehe 31 Desemba 2000, si mwaka mmoja kabla, kama walivyodhani wengi waliokesha wakisherehekea. Umoja wa Mataifa nao uliupanga mwongo wake wa maji ya kunywa na usafi wa mazingira kuwa 1981 hadi 1990. Kadhalika Shirika la Hali ya Hewa Duniani hupima hali ya kawaida ya tabianchi kwa vipindi vya miaka 30, kama vile 1961–1990 na 1991–2020.

Wa pili anayo hoja ya lugha. Miaka ya themanini ni ile ambayo themanini yasikika katika jina lake, 1980 hadi 1989. Kumwambia aliyezaliwa 1980 kwamba ni mtu wa miaka ya sabini ni kumchosha bure. Matatizo huzuka karne inapogeuka. "Miaka ya 2000" ni kumi, ni mia, au ni elfu? Na "miaka ya kumi", kwa maana ya 2010 hadi 2019, ni nani aliyepata kuisikia? Kwa mtafiti hakuna budi kuandika mwaka wa kwanza na wa mwisho, hata kama sentensi itarefuka.

Neno mwongo lenyewe (wengine huandika muongo, kwa kuogopa kumtaja msema uongo) halikuanza na miaka. Mabaharia na wakulima wa pwani ya Afrika Mashariki walihesabu mwaka wa jua tangu Nairuzi, ile Siku ya Mwaka inayoadhimishwa hata sasa Makunduchi, Unguja, mwezi wa Julai. Siku ziligawanywa kumi kumi, na kila kumi liliitwa mwongo. Nahodha aliyetajiwa mwongo alijua kama kaskazi ingali na nguvu au kusi imekaribia.

Leo wataalamu wa hali ya hewa, wanapowatolea wakulima taarifa za mvua za kila siku kumi, hukiita kipindi hicho dekadi, neno la kuazima, ingawa la kwetu lilikuwapo. Dekadi ya tatu ya kila mwezi huwa na siku nane hadi kumi na moja, kutegemea urefu wa mwezi. Hesabu ya Nairuzi haikuwa na kasoro hiyo: miongo 36 ilikuwa sawasawa yote, na siku tano zilizosalia ziliwekwa mwishoni mwa mwaka.