Harufu ya petroli ndani ya gari la familia si ya kuzoea

Watoto wanashuka garini wakilalamika kichwa kinauma. Mama anashusha vioo. Baba anasema gari ni la zamani, ndivyo lilivyo. Katika familia nyingi zinazomiliki magari ya zamani ya njia mbovu, mazungumzo huishia hapo.

Lakini harufu ya petroli ni taarifa: mafuta yanatoka mahali yasipotakiwa kutoka.

Chukua mfano wa Land Cruiser ya toleo la 60, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1980. Tangi liko nyuma, chini ya sakafu, na injini iko mbele. Kati yake hupita bomba za chuma zilizofungwa kwenye chesisi, na kwenye ncha zake kuna vipande vifupi vya mpira. Chuma huliwa na kutu pale tope linapoganda. Mpira nao hukauka na kupasuka kwa joto na umri.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa na kutulia chini. Gari likilala karibu na jiko la mkaa au kibatari, hatari haibaki kwa dereva peke yake. Ni ya nyumba nzima.

Mpira wowote haufai

Kipande cha sabuni ya mche au utepe wa tairi la ndani huweza kumfikisha msafiri kwa fundi. Hayo si matengenezo. Mpira wa maji nao haufai, kwa sababu petroli huulainisha na kuuharibu.

Mpira wa petroli huwa na maandishi ubavuni. Alama ya SAE 30R7 ni ya magari ya kabureta, ambayo pampu yake husukuma kwa nguvu ndogo, takriban psi 3 hadi 5. Magari ya nozeli huhitaji 30R9, maana presha yake mara nyingi huvuka psi 35. Aliyebadilisha injini ya kabureta akaweka ya nozeli lazima abadilishe na mipira.

Kila bomba na kazi yake

Magari mengi ya petroli ya aina hii yana bomba tatu: moja hupeleka mafuta kwenye injini, ya pili hurudisha yaliyozidi, na ya tatu hupitisha mvuke wa tangi. Fundi makini huweka alama kila moja kabla ya kuifungua, au huipiga picha kwa simu. Zikichanganywa, injini inaweza kukosa mafuta, au mafuta yakafurika yasikotakiwa.

Mpira unapounganishwa, huingizwa kama sentimita 2.5 hadi upite uvimbe ulio kwenye ncha ya bomba. Klipu hukazwa nyuma ya uvimbe huo, si juu yake. Ikikazwa kupita kiasi, hukata mpira. Njia nzima ikae mbali na ekzosi, na ifungwe kwenye chesisi isisuguliwe.

Kisha injini iwashwe dakika chache na kila kiungo kikaguliwe kabla ya mtoto yeyote kupanda. Ukaguzi urudiwe baada ya siku kadhaa za safari, kwa kuwa klipu huweza kulegea.

Kazi ikifanyika nyumbani

Gari liwe nje, injini iwe imepoa, waya hasi wa betri uwe umetolewa na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu. Asivute mtu petroli kwa mdomo.

Mafuta yaliyotolewa yasiwekwe kwenye chupa ya soda au ya maji, hata kwa nusu saa. Mtoto mwenye kiu haulizi kilichomo. Akimeza, asitapishwe, kwa sababu petroli ikiingia kwenye mapafu huleta madhara makubwa zaidi. Apelekwe hospitali mara moja.

Mzazi asiyejua kushika spana bado anaweza kumuuliza fundi maswali matatu: mpira huu umeandikwa nini, umeweka alama bomba zipi, na umekagua uvujaji injini ikiwa imewashwa? Asiporidhika na majibu, watoto wasubiri kupanda.