Kila Mtu na Ramani Yake

Bila shaka umewahi kutembea porini usiku. Unajua jinsi giza linavyobadilisha mambo. Kichuguu unachokijua mchana huonekana kama mnyama. Njia panda uliyoizoea huioni. Ukiona taa mbele yako, moyo unatulia. Unaifuata. Unasema, "Mwenye taa yule anajua anakokwenda."

Je, kama hajui? Au kama anajua, lakini haendi kule unakokwenda wewe?

Leo tutasoma habari za mashindano ya usiku. Katika mashindano hayo, mtu anayefuata taa ya mwenzake anaweza kuipotezea timu yake kazi ya usiku mzima.

Mbio za Jukola

Nchi ya Ufini iko kaskazini ya Ulaya. Sehemu kubwa ya nchi hiyo ni misitu, maziwa na vinamasi. Kila mwaka, kwa kawaida katika mwezi wa Juni, maelfu ya watu hukutana huko kwa mbio za msituni. Mbio hizo huitwa Jukola. Zilianza mwaka 1949. Kila mwaka hufanyika mahali pengine.

Jukola ni mbio za kupokezana. Timu moja ina watu saba. Wa kwanza akimaliza kipande chake, hurudi uwanjani na kumkabidhi wa pili ramani yake. Wa pili huingia msituni. Hivyo hivyo mpaka wa saba. Vipande havilingani. Vifupi ni kama kilometa 7 au 8. Kirefu kinaweza kupita kilometa 12.

Timu zaidi ya elfu moja huanza kwa pamoja, Jumamosi saa tano usiku. Timu za mbele humaliza Jumapili asubuhi. Wanawake wanaweza kukimbia Jukola. Pia wanayo mbio yao wenyewe, iitwayo Venla, tangu mwaka 1978. Timu ya Venla ina watu wanne, nao hukimbia Jumamosi mchana.

Katika mbio hizi hakuna barabara ya kufuata. Msituni vimewekwa vituo. Kila kituo kina kitambaa cha rangi nyeupe na rangi ya machungwa, pamoja na namba yake. Mkimbiaji hupewa ramani na hutumia dira. Lazima afike katika vituo vyake vyote kwa utaratibu uliopangwa. Kati ya kituo na kituo, huchagua njia mwenyewe. Hana ruhusa ya kwenda kuukagua msitu huo kabla ya siku ya mashindano.

Ramani husomwa

Ramani ni maandishi. Haina maneno mengi, lakini husomwa. Rangi zake ni kama herufi:

Buluu ni maji: ziwa, mto au kinamasi.

Kahawia ni mistari ya mwinuko. Mistari ikikaribiana, mlima ni mkali. Ikiachana, mteremko ni mdogo.

Nyeusi ni mawe makubwa, majabali, njia na nyumba.

Manjano ni mahali wazi pasipo miti.

Nyeupe ni msitu unaopitika vizuri.

Kijani ni kichaka. Kijani ikikolea, kupita ni shida zaidi.

Angalia jambo moja. Mtu asiyejifunza angedhani kwamba nyeupe ni uwanja mtupu, na kijani ndiyo msitu. Angekosea. Kila ramani ina lugha yake. Lazima ujifunze lugha hiyo kabla ya kuitegemea.

Ramani ina kipimo pia. Ramani nyingi za mbio hizi zina kipimo cha sentimeta 1 kwa meta 100. Basi, kama kituo kiko sentimeta 4 mbele, ni meta 400. Mkimbiaji mzoefu anazijua hatua zake. Tuseme mguu wake wa kulia hugusa chini mara 45 katika kila meta 100. Kwa meta 400 atahesabu mara 180. Akifika 180 bila kuona kituo, anajua kwamba amekosea mahali fulani.

Na dira? Sindano ya dira huelekea kaskazini. Mkimbiaji hugeuza ramani yake mpaka kaskazini ya ramani ilingane na kaskazini inayoonyeshwa na dira. Sasa kilicho kulia kwenye ramani kiko kulia kwake msituni.

Taa za wengine

Sasa jiweke mahali pa mkimbiaji wa kwanza wa timu. Ni saa tano usiku. Kusini ya Ufini, jua la mwezi wa Juni ndiyo kwanza linazama. Mbingu bado ina mwanga kidogo. Lakini chini ya miti ni giza. Umefunga taa kichwani. Wenzako sita wanakungojea uwanjani.

Mbio zinaanza. Watu zaidi ya elfu wanaingia msituni kwa mkupuo. Mbele yako unaona mstari mrefu wa taa ukipanda kilima. Kila mtu anakimbia. Ukisimama kutazama ramani, wengine wanakupita. Unafanya nini?

Wengi hufuata taa. Wanafikiri, "Watu wengi hivi hawawezi kupotea." Hapo ndipo penye mtego. Waandaaji wa mbio hawavipangi vituo sawa kwa wakimbiaji wote. Wewe unaweza kuwa na kituo kwenye jiwe kubwa. Jirani yako ana kituo chake karibu na hapo, kwenye kishimo. Vitambaa ni vya aina moja. Namba ndizo zinazotofautiana. Baadaye, mtu mwingine wa timu yako atapelekwa kwenye kishimo, na mtu wa timu ya jirani atapelekwa kwenye jiwe. Mwishoni timu zote zimekimbia njia zile zile, lakini si kwa wakati mmoja. Kwa hiyo hakuna timu inayopunjwa.

Tuseme umefuata taa ya jirani. Unakiona kitambaa. Unafurahi. Unaweka alama na kuondoka mbio. Hukusoma namba. Kituo kile kilikuwa namba 74. Chako kilikuwa namba 47. Wenzako sita watakimbia mpaka asubuhi. Watavuka vinamasi, watalowa, watachoka. Lakini timu yenu haitahesabiwa, kwa sababu ya namba moja ambayo hukuisoma.

Je, ni vibaya kukimbia pamoja na wengine? Hapana. Taa za wengine zinaweza kukusaidia kuona tope na mawe. Mkimbiaji mzuri huzitumia. Lakini kidole chake hakitoki kwenye ramani yake. Wakati wote anajua yuko wapi. Njia zikiachana, huachana nao bila kuogopa. Akifika kituoni, husoma namba kwanza.

Na akipotea? Kosa kubwa ni kuongeza mbio. Anayekimbia asikokujua huzidi kupotea. Mkimbiaji mwenye busara husimama. Hutazama dira. Hutafuta kitu kikubwa ambacho hakiwezi kumdanganya, kama ziwa, barabara au kilima kirefu. Hapo huanza tena. Atapoteza dakika chache, lakini ataiokoa timu yake.

Ndugu saba wa Jukola

Kwa nini mbio hizi zinaitwa Jukola? Jina hili limetoka katika kitabu. Mwaka 1870, mwandishi wa Ufini aitwaye Aleksis Kivi alitoa hadithi ya ndugu saba. Jukola ni jina la shamba lao. Ndiyo maana timu ina watu saba. Venla ni jina la msichana wa jirani ambaye ndugu hao walitaka kumwoa.

Sasa sikiliza jambo litakalokugusa. Ndugu hawa saba hawakujua kusoma. Walikuwa vijana wakubwa, wenye nguvu za kuangusha miti. Walipelekwa kwa mwalimu wa kanisa wajifunze herufi. Mwalimu aliwatendea kwa ukali na kuwaaibisha. Wakaona haya, wakakasirika, wakatoroka kwa kupitia dirishani. Kisha wakahamia msituni, mbali na watu, wasisumbuliwe tena.

Lakini hadithi haikuishia hapo. Walifyeka msitu, wakalima. Na mwishowe walijifunza kusoma wakiwa watu wazima. Mdogo wao, Eero, alitangulia kujua, akawafundisha kaka zake. Si jambo jepesi kwa kaka kufundishwa na mdogo wake. Hata hivyo walivumilia. Baadaye walirudi Jukola na kuishi vizuri na majirani zao.

Tunajifunza nini?

Ndugu mwanakisomo, kabla ya kuingia darasani, wengi wetu tulifuata taa za wengine. Barua ikija, tuliipeleka kwa mtu atusomee. Tulipouza mazao, tulipokea stakabadhi, tukaikunja na kuiweka mfukoni bila kujua imeandikwa nini. Huenda aliyetusomea alikuwa mtu mwema. Lakini hata mtu mwema huweza kusoma 47 akasema 74.

Sasa unajua kusoma. Tembea na wenzako, shauriana nao, saidianeni. Lakini siku ya mizani, isome stakabadhi yako mwenyewe. Itazame namba kabla hujaondoka. Na ukiona huelewi, usione haya. Simama, uliza, anza tena.

Maneno mapya

Dira: chombo chenye sindano inayoonyesha kaskazini.

Kinamasi: mahali penye maji na tope.

Kipimo cha ramani: hesabu inayoonyesha urefu wa ramani ni sawa na urefu gani wa ardhi.

Kupokezana: kufanya kazi kwa zamu, mmoja akimpa mwingine.

Mwinuko: kupanda kwa ardhi kwenda juu.

Maswali

1. Mbio za Jukola zilianza mwaka gani, na timu moja ina watu wangapi?

2. Katika ramani za mbio hizi, rangi nyeupe ina maana gani?

3. Kama kipimo ni sentimeta 1 kwa meta 100, sentimeta 6 ni meta ngapi?

4. Kwa nini ni hatari kufuata taa ya mtu wa timu nyingine?

5. Mkimbiaji aliyepotea afanye nini?

6. Jadilianeni darasani: Kwa nini ndugu saba walimkimbia mwalimu wao wa kwanza, lakini wakakubali kufundishwa na mdogo wao?

7. Kazi ya kikundi: Choreni ramani ya kijiji chenu. Onyesheni njia, mto, shule na kisima. Kisha mpeni mtu wa kikundi kingine, aitumie kufika mahali mlipomchagulia.