Mlezi Mmoja, Watoto Wangapi?

Mzazi wa Kitale au Bungoma, ukimwachia mama jirani mtoto wako wa darasa la kwanza baada ya shule, muulize jioni hulea wangapi. Wengi huhesabu wachanga tu. Wa miaka 6 huonekana anajitegemea, kumbe ndiye anayefikia sufuria ya uji jikoni na chupa ya mafuta ya taa.

Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vituo vya kulelea watoto. Kule Uingereza, mlezi wa nyumbani aliye peke yake haruhusiwi kwa kawaida kuzidisha watoto 6 wa chini ya miaka 8, wake mwenyewe wakiwemo. Ukikuta 11, hata awe mpole vipi, tafuta kwingine.

Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe. Mkimbize hospitali.