Maji Yako Yanapita Mikono Mingapi?

Je, umepata kuona mbio za kupokezana kijiti? Mtu wa kwanza hukimbia sehemu yake, kisha humkabidhi wa pili kijiti, na wa pili humkabidhi wa tatu. Kijiti kikianguka, wote wamepata hasara, hata wale waliokimbia vizuri.

Tarehe 1 Juni 2007 watu 20 walianza mbio za namna hiyo katika mji wa New York, Marekani. Mbio zile ziliitwa Blue Planet Run. Hawakutafuta zawadi, walitaka watu wa mataifa yote wawakumbuke wale wasio na maji safi ya kunywa. Walipokezana mchana na usiku kwa siku 95, wakapita katika nchi 16, kama Ufaransa, Urusi, China na Japani, hata wakarudi New York mwezi wa Septemba. Mwendo wote ulipita kilometa 24,000. Waliuweza kwa sababu kila mmoja alishika sehemu yake.

Njia yao haikupita huku Goma. Lakini sisi nasi tuna mbio zetu. Kila asubuhi kina mama na watoto huteremka ziwani na bidoni zao, na wengine huzipakia juu ya chukudu. Mji wetu umejengwa juu ya mawe ya volkano, na kuchimba kisima ni kazi ngumu. Basi wengi hutumia maji ya Ziwa Kivu. Maji hayo hupita mikono mingi kabla ya kufika kinywani.

Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994. Wakimbizi mamia ya maelfu waliingia kutoka Rwanda, na maji safi hayakuwatosha. Kipindupindu kiliwashika, na kuhara damu kukafuata. Katika mwezi wa kwanza tu walikufa karibu watu 50,000.

Siku moja mama alituletea mtoto wake, macho yamedidimia, ngozi imelegea. Nikamwuliza, “Mama, maji ya kunywa mliyatia dawa?” Akajibu, “Ndiyo, Muganga, yalitiwa klorini kule kule ziwani.” Alisema kweli. Lakini nyumbani aliyamimina katika ndoo isiyo na kifuniko, na watoto walichota kwa kikombe, vidole ndani ya maji, wakitoka chooni. Kijiti kilianguka kwa mkono wa mwisho. Tunashukuru, mtoto yule alipona, maana alifika mapema.

Basi, angalia sehemu yako:

1. Osha bidoni ndani na nje kabla ya kuteka, na uifunge vizuri njiani.

2. Maji yakitiwa klorini, ngoja nusu saa kabla ya kuyanywa. Kama hakuna klorini, yachemshe hata yatokote sana.

3. Weka maji ya kunywa katika chombo chenye kifuniko. Usichovye mkono wala kikombe. Mimina, au tumia kata yenye mpini mrefu.

4. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, ukimsafisha mtoto, na kabla ya kupika na kula.

5. Mtu akiharisha maji maji, usingoje kesho. Kipindupindu chaweza kuua kwa saa chache. Mpeleke hospitali mara moja, na njiani umnyweshe kidogo kidogo dawa hii: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visiwe na kilima. Mtoto mchanga aendelee kunyonya.

Wale 20 walizunguka dunia ili tuyafikiri maji. Wewe huhitaji kwenda mbali. Leo jioni, kabla ya kulala, tazama chombo cha maji nyumbani mwako. Je, kina kifuniko? Nani atachota wa kwanza asubuhi, na mikono yake itakuwa safi?