Kindu ilipoanguka: namna Robert Mugabe alivyopeleka vita vyake mashariki mwa Kongo

Tarehe 12 mwezi wa kumi 1998, mji wa Kindu uliingia mikononi mwa waasi wa RCD na wanajeshi wa Rwanda waliokuwa wakiwasaidia. Kwa raia wa Maniema, hiyo ilikuwa habari ya kufunga mizigo na kukimbilia porini. Kule Harare, zaidi ya kilomita 1 500 kusini, ilikuwa swali mbele ya mtu mmoja, rais Robert Mugabe: askari wake wabaki kulinda Kinshasa, ama wasonge kuelekea mashariki?

Jibu halikuchelewa. Kabla mwezi huo haujaisha, Mugabe na washirika wengine wa Mzee Laurent-Désiré Kabila walikubaliana Harare kwamba vita vipelekwe upande wa mashariki.

Hatua ya kwanza ilikuwa imechukuliwa miezi miwili nyuma, na kwa haraka vilevile. Mwishoni mwa mwezi wa saba, Kabila aliwaamuru wanajeshi wa Rwanda waondoke nchini. Tarehe 2 mwezi wa nane, uasi ukaanza Goma. Siku mbili baadaye, James Kabarebe, ambaye muda mfupi tu kabla alikuwa mkuu wa jeshi la Kabila mwenyewe, alivusha askari kwa ndege kutoka Goma mpaka Kitona, karibu na bahari. Bwawa la Inga likatekwa, Kinshasa ikakaa gizani.

Wakati huo Mugabe alikuwa anaongoza kitengo cha usalama cha SADC, huku Nelson Mandela akiwa mwenyekiti wa jumuiya yenyewe. Mandela alitaka mazungumzo. Mugabe aliita mkutano wa ulinzi Harare, nchi kadhaa tu zikahudhuria, kisha akatangaza kwamba SADC imekubali kumsaidia Kabila. Afrika Kusini ilipopinga, alijibu kwamba asiyetaka kusaidia akae kando, lakini awanyamazie wanaosaidia. Askari wa Zimbabwe wakashuka Kinshasa, wakapigana kwenye uwanja wa ndege wa N'djili, huku Angola ikiwapiga waasi kutoka Cabinda. Mji mkuu ukaokolewa. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa, Mandela mwenyewe alisema SADC inaunga mkono operesheni hiyo.

Bunge la Zimbabwe halikupiga kura kabla askari hawajaondoka. Karibu viti vyote vilikuwa vya chama cha rais, ZANU-PF, na hata hivyo halikuulizwa.

Sababu aliyoitoa Mugabe ilikuwa na uzito: serikali inayotambuliwa na ulimwengu ilikuwa imevamiwa na majirani, na yenyewe ndiyo iliyoomba msaada. Lakini kulikuwa na mengine. Kiwanda cha silaha cha serikali ya Zimbabwe kilikuwa kimempa Kabila vifaa kwa mkopo alipokuwa anampiga Mobutu, na mdeni akianguka, deni linaanguka naye. Kulikuwa pia na kivuli cha Mandela, aliyefika mwaka 1994 na kuchukua nafasi ya mbele ambayo Mugabe alikuwa nayo kusini mwa Afrika. Na kulikuwa na kumbukumbu ya Msumbiji, ambako askari wa Zimbabwe walipigana miaka mingi, kisha amani ilipokuja biashara ikachukuliwa na wengine.

Baada ya Kinshasa kuokolewa, angeweza kurudisha askari nyumbani kwa heshima. Kuanguka kwa Kindu kulifungua hesabu nyingine. Ukitoka Kindu kuelekea kusini-magharibi, unakuta Kabinda, na nyuma ya Kabinda kuna Mbuji-Mayi, mji wa almasi. Bila Mbuji-Mayi, Kabila angewalipa nini washirika wake? Mali iliyotarajiwa kulipia vita ikawa yenyewe sababu ya kuviendeleza.

Mwezi wa kumi na moja 1998, mfanyabiashara wa Zimbabwe, Billy Rautenbach, akawekwa kuongoza Gécamines. Kampuni ya OSLEG, yenye uhusiano na jeshi la Zimbabwe, ikaingia katika biashara ya madini. Mwaka 2002 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitaja katika ripoti yao jenerali Vitalis Zvinavashe, mkuu wa majeshi, na Emmerson Mnangagwa, ambaye leo ni rais wa Zimbabwe.

Askari waliendelea kuongezwa mpaka wakafika karibu 11 000. Nyumbani, mambo yalikuwa mabaya hata kabla ya vita: mwezi wa kwanza 1998 watu walifanya ghasia kwa sababu ya bei ya chakula. Serikali iliiambia FMI kwamba vita vinakula dola milioni 3 kwa mwezi. Mwaka 1999 waraka wa ndani ulivuja, ukaonyesha dola milioni 166 kwa miezi sita, yaani karibu mara tisa. Waandishi wa habari Mark Chavunduka na Ray Choto, walioandika kuhusu manung'uniko jeshini, walikamatwa na kuteswa. Mwezi wa pili 2000, wananchi waliikataa katiba mpya ya Mugabe kwa kura ya maoni. Vita vya Kongo vilikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Huku mashariki, Kabinda na Mbuji-Mayi hazikuanguka. Lakini askari wa Zimbabwe walizingirwa Ikela kwa miezi, na mwisho wa mwaka 2000 Pweto ilipotekwa, baadhi yao walivuka mpaka na kukimbilia Zambia pamoja na wanajeshi wa Kabila.

Wa mwisho waliondoka Kongo mwezi wa kumi 2002, miaka minne kamili baada ya uamuzi ule wa Harare. Siku hiyo Kindu ilikuwa bado mikononi mwa RCD.